Wasomaji Wanauliza: Kodi ya Majengo Ikiwekewa Ukomo, Mji Utaendeshwa na Fedha Zipi?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zimegusa jambo moja: kodi ya majengo, na iwapo ni busara kuiwekea ukomo kisheria kama yalivyofanya baadhi ya majimbo ya Marekani. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyobeba mzizi wa mjadala.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mstaafu wa reli na ninaishi Ujiji katika nyumba niliyoijenga kidogo kidogo tangu nikiwa kazini. Mtoto wa marehemu kaka yangu anaishi Sacramento, makao makuu ya jimbo la California. Alipokuja likizo alituambia barazani kwamba tangu mwaka 1978 katiba ya jimbo lile inakataza kodi ya nyumba kupandishwa kiholela, na kwamba jirani yake mzee analipa kodi ndogo sana kuliko yeye ingawa nyumba zao zinafanana. Wenzangu wakagawanyika. Wako waliosema huo ndio utu, kwa kuwa mzee hafukuzwi nyumbani kwake na kodi. Wako waliosema jimbo linalojifunga mikono namna hiyo halina kesho. Je, ukomo huo uliusaidia au uliuumiza uchumi wa jimbo lile? Na sisi wa Kigoma tunaokatwa kodi hiyo kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, tuna la kujifunza?
*Mstaafu, Ujiji*

JIBU: Shikamoo Mzee wangu. Nashukuru kwa barua yako, na nitaanza na ya ugenini kabla ya kurudi nyumbani.

Mwanao amewaambia ukweli. Tarehe 6 Juni 1978 wapiga kura wa California walipitisha, kwa karibu asilimia 65 ya kura, marekebisho ya katiba ya jimbo yanayojulikana kama Pendekezo la 13, ambayo yalisukumwa na wanaharakati wawili, Howard Jarvis na Paul Gann. Marekebisho hayo yalisema kwamba kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani ya nyumba. Kwamba thamani zirudishwe zilipokuwa mwaka 1975. Kwamba kuanzia hapo thamani katika daftari la kodi isipande kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, hata bei ya soko ipande namna gani, mpaka siku nyumba itakapouzwa. Na kwamba bunge la jimbo lisiongeze kodi yoyote bila kura za theluthi mbili ya wabunge wake.

Ni haki kuwaelewa waliopiga kura hiyo kabla ya kuwahukumu. Katika miaka ya 1970 bei za nyumba kule zilikuwa zinapaa, na wathamini walikuwa wanazifuata bei hizo mguu kwa mguu, hivyo mstaafu ambaye pensheni yake haikuongezeka hata senti alipokea ankara ya kodi iliyopanda sana kwa nyumba ile ile, yenye bati lile lile, ambayo hakuwa na nia ya kuiuza. Wakati huo huo Hazina ya jimbo ilikuwa na ziada ya mabilioni ya dola, na wanasiasa walivutana mpaka muda ukawaponyoka bila kutoa nafuu yoyote. Mtu anayeogopa kupoteza nyumba yake hatasubiri kamati imalize kikao. Wenzako waliosema huo ni utu wameshika jambo la kweli, na sitawaondoa hapo.

Tatizo liko katika namna utu huo ulivyoandikwa. Chukua karatasi na kalamu, Mzee, tupige hesabu ya mfano. Tuseme nyumba ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola 50,000 mwaka 1975, na mwenyewe hajaiuza mpaka leo. Ikipanda kwa asilimia 2 kila mwaka kwa miaka 50, thamani yake katika daftari la kodi itafika kama dola 134,600, na kodi yake kwa kiwango cha asilimia 1 itakuwa kama dola 1,346 kwa mwaka. Sasa tuseme nyumba ya pili, iliyojengwa na fundi yule yule kwa ramani ile ile, imenunuliwa leo kwa dola 1,000,000, bei ambayo si ya kushangaza katika miji ya pwani ya jimbo lile. Aliyeinunua atalipa dola 10,000. Wote wawili wanazolewa taka na gari moja, wanaitikiwa na zimamoto wale wale, na watoto wao wanasoma shule moja. Lakini mmoja analipa zaidi ya mara saba ya mwenzake, na kosa lake ni kwamba alichelewa kuzaliwa au alichelewa kuhamia.

Jambo hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo ilitoa hukumu mwaka 1992. Mlalamikaji alikuwa mwanamke aliyenunua nyumba ya kawaida Los Angeles kwa dola 170,000, na alionyesha kwamba kodi yake ya kama dola 1,700 ilikuwa karibu mara tano ya ile iliyolipwa na baadhi ya majirani zake wa zamani, tena ilikaribia kulingana na kodi ya mwenye jumba la ufukweni Malibu lenye thamani ya dola milioni 2.1. Majaji wanane dhidi ya mmoja waliamua kwamba utaratibu huo hauvunji katiba ya nchi, kwa hoja kwamba jimbo lina haki ya kulinda utulivu wa mitaa na matarajio ya watu waliokwisha kujenga maisha yao pale. Kisheria shauri liliishia hapo. Kwa upande wa haki, mimi naona halijaisha.

Nije kwenye uchumi, ambao ndio hasa uliouliza. Mara baada ya kura ile mapato ya kodi ya majengo yalishuka kwa zaidi ya nusu. Miji, kaunti na bodi za shule zilizokuwa zikijipangia viwango vyake zikajikuta hazina tena uwezo huo, na serikali ya jimbo ikaingia kati, kwanza kwa kuigawa ile ziada ya Hazina, kisha kwa sheria iliyoamua nani apate sehemu gani ya kodi iliyobaki. Watu walipiga kura wakidhani wanaipunguzia serikali nguvu. Walichofanya kwa kweli ni kuzihamisha nguvu hizo kutoka ukumbi wa halmashauri yao, ambako wangeweza kwenda kwa miguu kumkabili diwani, na kuzipeleka Sacramento. Shule iliyokuwa ikitegemea majirani zake ikaanza kutegemea makao makuu ya jimbo, na kwa miaka mingi matumizi ya California kwa kila mwanafunzi yalikuwa chini ya wastani wa nchi nzima.

Fedha za Sacramento zinatoka wapi? Kwa sehemu kubwa ni kodi ya mapato ya watu binafsi, na ndani ya hiyo fungu kubwa linatoka kwa matajiri wachache ambao mapato yao hupanda na kushuka pamoja na soko la hisa. Nyumba haikimbii wala haiyumbi kama hisa. Ndiyo maana kodi yake ni nguzo imara ya bajeti. California iliipunguza nguzo hiyo ikaegemea inayotikisika, na matokeo yake yalionekana mwezi Julai mwaka 2009, pale serikali ya jimbo lenye uchumi mkubwa kuliko majimbo yote ya Marekani ilipoanza kuwalipa baadhi ya wadai wake kwa hati za ahadi, yaani karatasi za kuahidi kulipa baadaye, kwa sababu fedha taslimu zilikuwa zinaishia.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa haraka. Fikiria wewe ni diwani katika mji mdogo wa California na kuna eneo tupu pembezoni mwa mji. Yakijengwa makazi, utapata kodi ndogo yenye ukomo, lakini utatakiwa kuongeza barabara, mabomba na polisi. Likijengwa duka kubwa au uwanja wa kuuzia magari, sehemu ya kodi ya mauzo inabaki katika mfuko wa mji wako kila mwaka. Utachagua nini? Madiwani wengi walichagua duka. Ongeza kwamba mwenye nyumba mwenye kodi ya zamani husita kuiuza na kuhama, kwa sababu mara nyingi kuhama humaanisha kuipoteza kodi hiyo, na utaona namna nyumba zilivyozidi kuwa adimu. Ukomo wa kodi si sababu pekee ya uhaba huo, maana sheria za mipango miji na ugumu wa vibali vina sehemu yao, lakini umo ndani yake. Vijana wengi wanaohama California wanakwenda Texas, na hapo kuna fundisho la pekee: Texas haitozi kabisa kodi ya mapato ya mtu binafsi, ila kodi yake ya majengo ni miongoni mwa kodi nzito nchini Marekani. Kodi nzito ya nyumba peke yake haikuwafukuza. Wanafuata nyumba wanayoweza kuinunua.

Wenzako waliosema jimbo lile halina kesho nao wamevuka mpaka. California haikufa. Viwanda vya kompyuta, filamu, bandari na mashamba vimeendelea kuipa utajiri, na hata wakosoaji wa ukomo wanakubali kwamba thamani zinazopanda taratibu ziliufanya mfuko wa kodi ya majengo usianguke sana soko la nyumba lilipoporomoka mwaka 2008. Ninachosema ni kwamba utajiri huo umeigawa jamii kati ya waliowahi na waliochelewa, na jimbo linaloshindwa kuwapa makazi walimu na wauguzi wake linakula mbegu.

Na ukomo ule haukuwalinda wazee peke yao. Uliyahusu pia maghala, ofisi na viwanda, ambavyo vinaweza kukaa mikononi mwa kampuni ile ile miaka mingi bila kuhesabiwa kuwa vimeuzwa. Mwaka 2020 lilipelekwa kwa wapiga kura pendekezo la kuzitoza mali kubwa za biashara kwa bei ya soko huku nyumba za kuishi zikibaki na kinga yake. Likakataliwa kwa kura kama asilimia 52 dhidi ya 48. Ngao iliyoombwa kwa jina la bibi kizee bado inaikinga kampuni.

Sasa turudi kwetu. Kuna mwaka unaotuunganisha na California bila sisi kujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali yetu ilivunja halmashauri za miji katika mpango wa madaraka mikoani, na miji ikabaki haina mwenyewe wa kuuliza habari za mitaro, dampo na taa za barabarani. Mwaka 1978, mwaka ule ule wa Pendekezo la 13, sheria ilizirudisha halmashauri za miji kwa sababu hali ilikuwa imekuwa mbaya. Kwa maneno mengine, wakati Wakalifornia wanazifunga kamba halmashauri zao, sisi tulikuwa tumekwisha kuonja maisha ya kuwa bila halmashauri, tukakinai. Baadaye, mwaka 2003, kodi ya maendeleo, yaani kodi ya kichwa, ilifutwa, jambo ambalo wengi tulilishangilia kwa haki kwa sababu ya jinsi watu walivyokuwa wakikimbizwa na mgambo. Lakini halmashauri ziliachiwa ruzuku badala ya chanzo chake zenyewe, na mwenye kupewa ruzuku hula kwa ratiba ya mpishi.

Kodi yetu ya majengo nayo imepita njia hiyo hiyo. Mwaka 2016 kazi ya kuikusanya ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kisha ikawa ya kiwango kimoja, na kuanzia mwaka 2021 inakatwa kwenye mita za LUKU: kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu mwaka 2023 shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka, wakati jengo la ghorofa mjini hukatwa shilingi 7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa. Viwango hivyo hupangwa Dodoma kwa Sheria ya Fedha. Baraza la Madiwani la Manispaa ya Kigoma Ujiji likiketi usiku kucha haliwezi kuongeza wala kupunguza hata shilingi.

Ukitafakari, Mzee, huo nao ni ukomo, tena mkali kuliko wa California, kwa sababu hautazami thamani kabisa. Nilipokuwa Ujiji msimu wa mvua nilifikia kwa shangazi yangu. Nyumba yake ni ya matofali mabichi yaliyopigwa lipu upande wa mbele tu, vyumba vitatu, bati lenye kutu, na mwembe unaodondosha majani juu yake. Kutoka pale nilikwenda Bangwe kumwona mtu kwenye nyumba ya kisasa yenye vigae na kibaraza kinachotazama Ziwa Tanganyika, mahali ambapo machweo peke yake yana bei. Nyumba zote mbili hazina ghorofa. Zote mbili zinakatwa shilingi 1,500. Usiku ule mvua ilinyesha, na maji yalipita mbele ya mlango wa shangazi kama mto kwa kuwa mtaro uliokuwa pale umejaa mchanga. Asubuhi wanawake wa mtaa walitoka na majembe wakauchimba wenyewe. Nikawaza kwamba wale wanawake wamekwisha kulipa kodi mara mbili, mara ya kwanza kwa LUKU na mara ya pili kwa mgongo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kumlinda mzee asifukuzwe na kodi ni wajibu. Kumlinda kwa kutazama tarehe aliyonunua nyumba, badala ya kutazama uwezo wake wa kulipa, ndiko kulikoipotosha California. Na kuunyima mji uwezo wa kujipangia, ama kwa katiba kama kwao ama kwa kuvuta kila kitu makao makuu kama kwetu, kunaudhoofisha mji ule ule ambao uchumi wa kesho utatakiwa kusimama juu yake. Kigoma yenye reli, bandari na wafanyabiashara wa Burundi na Kongo haiwezi kukua juu ya mitaro iliyozibika.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa uraia hapa Ipuli, Tabora. Wanafunzi wangu walijadili ukomo wa kodi ya nyumba, na mmoja akauliza kama kuna jimbo lililoweka ukomo bila kuwabagua majirani. Nilitaja Indiana kwa kukisia tu. Je, nilikosea?
*Mwalimu, Tabora*

JIBU: Hukukosea, Mwalimu. Mwaka 2007 wenye nyumba wa Indiana walipata ankara zilizowashtua kiasi kwamba meya wa Indianapolis, Bart Peterson, alishindwa uchaguzi mwezi Novemba mwaka huo huo. Mwaka uliofuata, chini ya Gavana Mitch Daniels, jimbo liliweka ukomo wa ngazi tatu: asilimia 1 ya thamani kwa nyumba anayoishi mwenyewe, asilimia 2 kwa nyumba za kupangisha na mashamba, na asilimia 3 kwa mali za biashara. Mwaka 2010 wapiga kura wakauingiza katika katiba. Tofauti na California, thamani inayotumika ni ya sasa, hivyo nyumba mbili zinazofanana mtaa mmoja zina ukomo unaofanana, hata kama mmoja kahamia jana.

Fedha zilizopungua hazikutoka mbinguni. Jimbo lilijitwisha sehemu kubwa ya gharama za shule na likapandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 6 hadi 7. Hapo ndipo ningependa wanafunzi wako wakae kidogo, kwa sababu kodi ya mauzo humfuata hata mpangaji asiye na nyumba kila anaponunua kiatu. Pia ukomo huo hauiumi miji yote sawa. Mji wenye majengo ya thamani hukusanya fedha za kutosha kwa kiwango kidogo na wala hauufikii ukomo. Mji kama Gary, ambao kazi za viwanda vya chuma zilipungua na nyumba nyingi zikabaki magofu, unahitaji kiwango kikubwa kupata fedha zile zile, na kila kinachozidi ukomo unakipoteza. Mwaka 2025 Gavana Mike Braun alisaini sheria nyingine inayowapunguzia wenye nyumba asilimia 10 ya ankara, isiyozidi dola 300, na mara moja halmashauri na shule zikaanza kuhesabu zitakachokosa. Mjadala wa kule ni huo huo wa kwenu darasani.

Mimi mfano ninaouheshimu zaidi ni wa Massachusetts. Sheria yao ya mwaka 1980 inazuia jumla ya kodi ya majengo ya mji kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka, ukiacha majengo mapya; lakini wapiga kura wa mji wenyewe wanaweza kuuvuka ukomo huo kwa wingi wa kawaida wa kura wakiona kuna haja, kwa mfano shule inayovuja. Serikali inazuiwa isijipandishie, na wananchi hawanyang'anywi haki ya kujitoza. Waambie pia kwamba mwezi Novemba mwaka 2024 wapiga kura wa North Dakota, jimbo lenye mafuta, walipewa nafasi ya kuifuta kabisa kodi ya majengo, wakaikataa.

SWALI: Nimepanga chumba Gungu. Kila mwanzo wa mwezi nikinunua umeme wa shilingi 2,000, inakatwa kodi ya jengo 1,500 na ninabaki gizani. Nyumba si yangu. Ni haki kweli?
*Mpangaji, Gungu*

JIBU: Si haki, ndugu yangu. Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Mita imetumika kama mlango wa kuikusanyia kwa sababu karibu kila nyumba ya mjini ina umeme. Tunza ujumbe wa kila manunuzi unaoonyesha makato hayo, na siku ya kulipa pango mwonyeshe mwenye nyumba akupunguzie kiasi hicho. Kama mnatumia mita moja wapangaji wengi, kubalianeni kabla ya mwezi kuanza, ili yule anayewahi kununua asibebe zigo la wote. Lililo gumu ni kwamba mpangaji anayedai shilingi 1,500 anajiweka katika hatari ya kuambiwa ahame, na wengi wananyamaza. Nalitaja hapa ili wenye nyumba wanaosoma ukurasa huu walijue.

SWALI: Nyie waandishi mnaitetea kodi kwa sababu hamjafika kwetu. Mimi ni mjane wa miaka 67, nauza dagaa na mawese kwa vipimo vidogo hapa Kasimbu. Nyumba aliniachia marehemu. Mnataka nitozwe kwa thamani wakati ziwa limepandisha bei ya viwanja vya watu, lakini mimi sili hiyo thamani?
*Mama, Kasimbu*

JIBU: Shikamoo Mama. Umenishika pabaya, na nakubali: thamani ya kiwanja haipikwi. Mtu anaweza kukaa juu ya ardhi ya mamilioni huku akiba yake yote iko kwenye kisado cha dagaa. Ndiyo sababu nikisema kodi ifuate thamani, nasema kwa pumzi hiyo hiyo kwamba asiyekuwa na kipato asitozwe. Yako majimbo ya Marekani ambayo hupima kodi ya nyumba dhidi ya mapato ya mwenyewe na kumrudishia kinachozidi uwezo wake. Mengine humruhusu mzee aahirishe kodi mpaka nyumba itakapouzwa au kurithiwa. Njia hizo humlinda mtu kama wewe bila kumbeba mwenye maghala mgongoni mwako.

Sheria yetu nayo imekufikiria, Mama, na sioni kwa nini ukatwe. Mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, isiyotumika kwa biashara, amesamehewa kodi ya majengo. Tatizo ni kwamba mita haijui umri wa mtu. Kodi ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, mita zote zilitendewa sawa, na mwenye msamaha ndiye anayetakiwa kuinuka na kujieleza. Huo ni mpangilio uliopinduka, kwa sababu serikali ina kumbukumbu za vitambulisho vya taifa na ingeweza kuwatafuta wazee kabla wazee hawajaitafuta. Nimeliandika hili kabla na nitaendelea kuliandika.

Mpaka litakaporekebishwa, naomba ufanye hivi. Chukua kitambulisho chako cha taifa na nakala yake, andika namba ya mita kwenye karatasi, uende kwa mwenyekiti wa mtaa akupe barua inayothibitisha kwamba nyumba ni yako na kwamba unaishi humo. Kama hati au karatasi za mauziano bado zina jina la marehemu, beba na cheti cha kifo na karatasi za mirathi, kwa sababu hilo ndilo litakaloulizwa kwanza. Vipeleke ofisi ya Mamlaka ya Mapato hapo mjini, ueleze kwamba unaomba msamaha wa kodi ya majengo kwa umri, na usiondoke bila nakala yenye muhuri. Ukiwa na mjukuu anayesoma vizuri, nenda naye. Mwezi utakaofuata nunua umeme ukiwa naye, akusomee ule ujumbe mstari kwa mstari, na kama shilingi 1,500 bado imo, rudi na ile nakala, kisha utuandikie tena.